Hii ya nani? Siasa niliyofundishwa na wawindaji wa Saratov

Nikisema nilisoma Urusi miaka saba, mwaka mmoja wa lugha na sita ya udaktari, watu huwa na maswali mawili tu, baridi na Putin. La baridi najibu fasta. La pili ndo huwa nakwama, maana siasa ya kule sikufundishwa na mtu wa siasa, nilifundishwa na wazee wanaowinda losi, na wao wenyewe ukiwaambia wanaongea siasa watakukatalia mchana kweupe.

Losi kwa asiyemjua, chukua pofu, yule swala mkubwa wa porini, mrefushe miguu, mpe pua kama ya ngamia na mapembe mapana kama sinia la pilau, afu msimamishe kwenye theluji. Dume zima linaweza kupita kilo 400.

Mi nilikuwa Saratov, mji uko kando ya Volga, ng'ambo ya daraja kuna mji wa Engels, na ukishatoka nje ya mji ni nyika tupu mpaka macho yanachoka, kiangazi ukisimama pale upepo unavuma unaweza kudhani uko Manyoni kasoro mibuyu tu. Rafiki yangu wa darasani kwao ni kijijini huko, karibu na mto Medveditsa, jina maana yake dubu jike na mi dubu sikumwona hata kwa bahati mbaya. Baba yake nilikuwa namwita Dyadya, yani mjomba, kule mtu mzima wa karibu unamwita hivyo hata kama hamna undugu. Mama yake Tyotya, shangazi. Wao waliniita Doktor tangu mwaka wa kwanza, kabla hata sijajua mfupa wa paja unaitwaje kirusi.

Kilichonipeleka kwao kwanza ni mtihani nliofeli. Kule mitihani mingi ni ya mdomo, unachomoa karatasi ya maswali unakaa mbele ya profesa unajieleza, na mkiwa kwenye korido wenzako wanakwambia "ni pukha ni pera", usipate unyoya laini wala unyoya mgumu, na wewe unatakiwa ujibu "k chortu", nenda kwa shetani. Sasa mi nimelelewa na bibi, mtu kanitakia heri nimwambie aende kwa shetani? Nikasema asante. Korido nzima ikaguna, wakaniambia nimeshajipiga mkosi, na kweli anatomia ile siku nikaanguka kama gunia. Jamaa akanionea huruma akanibeba wikiendi kwao, na mezani nikamwadithia baba yake. Mzee akacheka mpaka akavua miwani. Kumbe ule msemo ni wa wawindaji, zamani ukimtakia mwindaji mafanikio waziwazi mizimu ya msituni inasikia inaficha wanyama, kwahiyo unamtakia akose ili apate. Nikamwambia hata kwetu babu yangu Sikonge akienda porini na gobole lake hasemi anaenda kuwinda, anasema anaenda kuangalia mizinga ya nyuki. Kuanzia hapo nikawa mtu wa pale nyumbani.

Babu yangu gobole alishalisalimisha ofisi ya kijiji kabla mi sijaondoka, kwa hiari yake, wakaliandika kwenye daftari wakalibeba, na kuanzia siku ile akawa anaadithia tu. Nlipomwambia Dyadya hilo akanyamaza kidogo afu akaninyanyua akanipeleka chumbani kunionesha sefu ya chuma iliyofungwa kwa bolti ukutani. Ndani kuna bunduki mbili, moja ni IZh-27, mitutu miwili ya juu na chini, ya kiwanda cha Izhevsk, kitako kimeng'aa kwa kushikwa. Afu akatoa faili. Aisee. Cheti cha daktari wa magonjwa ya akili, cha daktari wa ulevi, kibali cha Rosgvardia, kikosi cha serikali kinachosimamia silaha za raia, ambacho wakati ule kila baada ya miaka mitano ulikuwa unaanza upya, kitabu cha uwindaji ambacho angalau hicho hakiishi muda, afu kila msimu kibali kingine cha mnyama, eneo na tarehe. Askari wa mtaa anakuja kukagua sefu imefungwa vipi. Na ukitaka raifo, yani bunduki ya mtutu wenye mistari ndani, lazima kwanza ukae miaka mitano na ya kawaida bila kosa. Mwaka 2021 baada ya yule kijana kuua watu shuleni Kazan wakaongeza umri, kuanzia 2022 bunduki ya kwanza ukiwa na 21 badala ya 18, waliopita jeshini wana nafuu yao.

Mi nilidhani anaonesha kwa malalamiko. Wala, alikuwa anajivuna. Kila karatasi anaifuta vumbi kwa kiganja anaiweka pembeni kama mtu anaonesha picha za harusi.

Kuna neno moja inabidi nilieleze hapa. Kirusi uwindaji ni okhota, na hamu pia ni okhota, neno lile lile. Mtu hataki kitu anasema "neokhota", sina hamu. Wana methali "okhota pushche nevoli", hamu inamsukuma mtu kuliko hata kulazimishwa, mtu anaamka saa kumi usiku nje ni minus 18 hajatumwa na yeyote anaenda kulala kwenye theluji akisubiri mnyama ambaye pengine haji. Na ukiwauliza habari ya siasa, jibu karibu la kila mtu ni hilo hilo, neokhota. Ilinichukua miaka kujua kwamba neokhota ya siasa haimaanishi hana maoni, mara nyingi inamaanisha anayo mengi ila wewe hujafikia kuambiwa.

Niliharibu mwenyewe mara moja. Septemba 2021 ilikuwa uchaguzi wa Duma, yani bunge lao, siku tatu, tarehe 17 mpaka 19, na Tyotya ni mwalimu kwahiyo alikuwa kwenye kituo cha kura pale shuleni kwake siku zote tatu, sawasawa na kwetu tu, mwalimu ndo karani, darasa ndo kituo, tofauti kule siku ya kura kunauzwa na maandazi ya kabichi. Alirudi jumapili usiku miguu imevimba, kaweka maandazi mezani, na mi nikiwa na ushamba wangu wa vijiwe vya Tabora, ambako mtu anakwambia chama chake kabla hajakwambia jina, nikauliza kwa furaha kabisa, haya mmempigia nani? Kimya. Saa ya ukutani ndo ilikuwa inaongea peke yake. Tyotya akaanza kukusanya sahani ambazo bado zina chakula. Dyadya akasema, mi nilikuwa kwenye bata. Ni kweli alikuwa kwenye bata, msimu ulikuwa wazi, na wanne walikuwa kwenye beseni hapo jikoni. Kwetu kula bata ni starehe, kule ilikuwa ni jibu.

Jamaa yangu akanivuta nje kuvuta sigara, mi sivuti lakini nilielewa. Akaniambia we bwana mama yangu anahesabu kura, baba yangu anadai hajapiga kura tangu kitambo, wakilizungumza wanagombana siku mbili, kwahiyo nyumba hii haliongelewi. Funika kombe mwanaharamu apite.

Baadae sana, tukiwa wawili tunang'oa manyoya, Dyadya alijibu lile swali bila mi kuliuliza tena. Alisema miaka ya tisini walikuwa na uhuru wote, ukasimama barabarani ukamtukana rais na hakuna wa kukugusa, ila kiwandani kwake mshahara haukutoka miezi nane, wakalipwa kwa bidhaa, akawa analisha watoto kwa sungura na samaki wa Medveditsa. Afu 1998 ruble ikaanguka na akiba ya mama yake ikatosha kununua viatu. Kwahiyo akiambiwa neno svoboda, uhuru ule wa kwenye televisheni, anasikia njaa. Lakini kuna neno lingine, volya. Hilo nalo ni uhuru, na pia ni utashi wa mtu, na mfungwa akitoka jela wanasema yuko kwenye volya. Hilo alilisema huku ananyoosha mkono wenye unyoya kuelekea nje kwenye nyika. Nikamuuliza, volya gani ina faili nene vile? Akanirushia unyoya.

Sitaki nionekane nakubaliana nae kwa kila kitu. Mi naona mtu aliyeshibishwa afu akaambiwa nyamaza amenyamazishwa tu, na kijana wake mwenyewe anaona hivyo hivyo, tena kwa hasira kuliko mimi. Ila lile la mshahara wa miezi nane huwezi kulijibu kwa hoja ukiwa mezani kwake unakula bata wake.

Sasa, oktoba ile ile ndo likaja la Rashkin.

Valery Rashkin alikuwa mbunge wa chama cha Kikomunisti, kiongozi wa chama Moscow, na baada ya huo uchaguzi wa septemba ndo alikuwa anapiga kelele kuliko wote kwamba kura za mtandaoni Moscow zimepindua matokeo, wagombea wao walikuwa wanaongoza kwenye karatasi zilipoongezwa za mtandao wakawa nyuma. Siasa alianzia huku huku Saratov. Mwishoni mwa oktoba usiku akakamatwa kwenye gari wilaya ya Lysogorsky, jirani na kwetu pale, ndani ya gari kuna nyama ya losi imekatwakatwa. Kwanza akasema wameiokota msituni. Novemba akatoa video akikiri ni yeye alipiga, akidai alidhani ni nguruwe pori. Duma ikamvua kinga, april 2022 mahakama ikampa miaka mitatu ya nje, mwezi uliofuata akapoteza ubunge. Nchi nzima ilikuwa inacheka, picha za losi kila simu.

Kwa wawindaji haikuwa kichekesho. Wikiendi ya mwisho wa novemba nilienda nao kambini, timu yao ni watu kumi na moja, walikuwa na kibali cha losi mmoja. Mi jina langu halipo kwenye orodha kwahiyo msituni siruhusiwi kuingia, nikabaki na mpishi, kazi yangu kuni, maji na kutokuharibu kitu. Asubuhi kiongozi anawapanga mstari, anasoma masharti ya usalama, usipige risasi kuelekea kwenye mstari, usiondoke kwenye namba yako mpaka uambiwe, kila mtu anasaini, kila mtu na kizibao cha rangi ya chungwa maana tangu 2021 ni lazima. Wazee wa miaka sitini wamesimama kwenye theluji kama wanafunzi paredi. Afu wakapanda kwenye ile UAZ wanayoiita bukhanka, mkate, kwa sababu kweli ni boflo lenye magurudumu, wakapotea.

Walirudi saa tisa. Nilisikia kwanza injini afu kicheko, nikajua wamepata.

Supu ilivyoiva ndo wakaanza. Mmoja, fundi wa matrekta, akasema safi kabisa, jangili ni jangili hata awe mbunge, mi nalipia kibali na yeye alipie. Mwingine akasema hivi we mtoto? Unadhani polisi walikuwa wanamtafuta losi pale? Walikuwa wanamsubiri Rashkin. Wa tatu akasema vyote viwili ni kweli, kaua losi na walikuwa wanamsubiri, sasa kama unajua unasubiriwa unaendaje kuua losi usiku, mjinga basi. Hapo wakacheka wote. Afu mzee mmoja ambae siku nzima hajafungua mdomo akasema neno moja tu, Altai.

Nlikuwa sijui, wakanieleza wakipokezana. Januari 2009 helikopta ya Mi-171 ilianguka milima ya Altai imebeba wakubwa, saba wakafa akiwemo mwakilishi wa rais kwenye Duma, Alexander Kosopkin, na picha za mabaki zikaonesha mizoga ya argali, kondoo pori wa milimani ambao wako kwenye kitabu chekundu, yani orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka, marufuku kabisa kuwagusa. Watatu kati ya waliopona wakashtakiwa, 2011 mahakama ikawaachia. Yule mzee akamalizia na methali yao, sheria ni kama mti wa mkokoteni, unakouelekeza ndo inakoenda. Nikawaambia kwetu tunasema sheria ni msumeno, inakata mbele na nyuma. Wakaniuliza, na inakata kweli? Nikanywa supu.

Maana nilimkumbuka babu. Vitalu vya uwindaji kule kwetu wageni wanakuja na bunduki zenye darubini wanalipa dola wanapiga picha na nyati, na Bwana Nyama amesimama pembeni, kisheria kabisa. Babu akikutwa na digidigi ni jangili. Hata mwaka wenyewe unafanana, sheria yetu ya wanyamapori ni ya 2009 na sheria yao ya uwindaji ni ya 2009. Yao angalau inasema asilimia 20 ya maeneo ya kuwindia kila mkoa yabaki ya watu wote, yasikodishwe, na hiyo asilimia wale wazee waliijua kwa kichwa kama baba yetu uliye mbinguni. Walikuwa wanabishana maeneo gani wamepewa na wanasema wameachiwa yasiyo na wanyama, lakini namba wanaijua. Mi niliona hapo kwamba hawa watu sio kwamba siasa hawaijui, wanaijua mpaka mipaka ya kitalu kwenye ramani, ila wanaiita uwindaji.

Baada ya supu ndo nikaona kitu ambacho mpaka leo nikifunga macho nakiona. Losi kashachunwa, nyama wamezitandaza kwenye turubai juu ya theluji, zinatoa moshi, wakazigawa mafungu kumi na mawili, la kumi na mbili la mpishi na mimi. Wakahamisha kipande hapa wakaongeza mfupa pale mpaka kila mtu akaridhika kwamba yanalingana. Kwenye timu kuna bosi mmoja wa wilayani, mtu mwenye gari kubwa, nikasubiri nione anachukuaje lake. Wakamchukua fundi wa matrekta wakamgeuza mgongo uelekee nyama. Mwingine akanyoosha kisu kwenye fungu moja akauliza, "komu?" Ya nani? Fundi bila kuona akataja jina. Kisu kikahamia fungu la pili, komu? Akataja. Hakuna anayebisha, hakuna anayebadilisha. Bosi wa wilaya akapata mbavu na shingo, akasema asante, akafungasha. Fungu letu likawa na kipande cha paja na mpishi alinipiga bega kama tumeshinda uchaguzi.

Februari 2022 ikafika, vita ya Ukraine ikaanza, na sitaielezea yote, nyie mlikuwa mnaona kwenye taarifa ya habari na sisi tulikuwa tunaona kwenye bei na kwenye sura za watu. Kadi za benki za kwetu zikagoma, Instagram ikafungwa machi, kila mtu hata bibi wa mapokezi hosteli akajua VPN ni nini. Ikatoka sheria kwamba ukilisema jeshi vibaya ni faini na ukirudia ni kesi. Dyadya ambae hakuwahi kunipigia simu alinipigia, akaongelea hali ya hewa, na mwisho akasema Doktor, kwenye simu andika habari za masomo tu. Mikoa ya mpakani kama Belgorod na Kursk uwindaji ulipigwa marufuku kabisa, huku kwetu waliendelea, ila yule mwenye hoja ya Altai na fundi wa matrekta waliacha kukaa gari moja. Sikuwahi kuambiwa kwanini na sikuuliza, hilo nilishajifunza siku ya maandazi.

Septemba 21 ukatangazwa usajili wa wanajeshi wa akiba. Kwenye timu walichukuliwa wawili, fundi wa matrekta mmojawapo, alipita jeshini ujanani alikuwa anaendesha vifaru. Dyadya alikuwa kashapita umri. Rafiki yangu alikuwa bado mwanafunzi kwahiyo hakuguswa, lakini kuanzia siku ile mama yake alikuwa akisikia mlango unagongwa anasimama kwanza katikati ya chumba.

Disemba 5 alfajiri Saratov tuliamshwa na kishindo, droni zilipiga uwanja wa ndege za kivita wa Engels, ng'ambo ya mto tu hapo. Wanafunzi wa kigeni tukasimama korido na nguo za kulalia tunapigiwa simu na wazazi kutoka nchi tano. Wiki hiyo hiyo Dyadya akatuma meseji, mna mtihani lini, kama bado njooni jumamosi tuna kibali.

Tukaenda. Walikuwa tisa. Masharti yakasomwa, wakasaini, vizibao vya chungwa viwili vikabaki vimekunjwa kwenye kiti cha bukhanka. Mezani hamna aliyebishana kitu, waliongelea mbwa, mbwa na barabara. Yule mzee wa Altai hakuongea kabisa. Losi alikuwa jike dogo, ndivyo kibali kilivyoandikwa. Tulipofika kwenye turubai kiongozi akaanza kugawa, nikawa nahesabu kimoyomoyo, tisa, la kumi letu, afu akaendelea, la kumi na moja, la kumi na mbili. Hakuna aliyeuliza. Nyama ilikuwa kidogo mafungu yakawa madogo.

Sasa wa kugeuzwa mgongo hayupo, wakatazamana. Mzee wa Altai akatoka mwenyewe, akasimama mbele ya turubai, akageukia msitu, kofia kaivua kaikunja mkononi na baridi ile. Kisu kikanyooshwa kwenye fungu la kwanza, lililokuwa na paja.

"Komu?"

Akataja jina la fundi wa matrekta.